Pakiti ya Raba

Satellite, Nairobi
Februari 20

Mama mpendwa,

Pokea salamu za kitinda mimba wako, Injinia Shem, mkubwa wa mapaa yote kutoka Westlands hadi Kangemi. Goti lako linasemaje? Na yule ng'ombe wa kiburi, amekubali kukamwa na Everlyn ama bado anapiga ndoo teke? Mimi ni mzima, ila hapo kwa uzima nitarudi.

Everlyn, najua ni wewe unayemsomea nyanya yako. Soma polepole na usiruke kitu, hata ukiona aibu. Nimeandika kwa sababu kwa simu mimi mjomba wako hucheka tu, halafu nasema laini imekatika.

Mama, huku watu wameanza kutazama juu. Februari ni hivyo: jua linachoma, wingu hakuna, lakini mwenye akili anaita fundi mapema azibe matundu na kutoa majani kwenye gata za kupitisha maji ya paa kabla mvua ya Machi haijafika. Asiye na akili anangoja tone la kwanza limwangukie kwenye chai, ndipo anipigie akilia. Mwezi huu nimetafutwa kama waziri. Hata kuna jumba moja la Westlands walinisihi nipande. Nilisimama huko juu nikaona magari yamekwama Waiyaki Way, nikayahurumia.

Basi wiki mbili zilizopita niliitwa na mama mmoja wa Mountain View aitwaye Kavutha, mjane, karani mstaafu wa serikali. Alisema chumba chake cha kulala kinavuja kila msimu na amechoka kuhamisha kitanda. Nilipanda, na hata dakika tano hazikuisha nikaanza kucheka. Misumari ilikuwa imepigwa kwenye bonde la bati, pale maji yanapopita, badala ya mgongoni, na chini ya vichwa vyake hakukuwa na raba hata moja ya kuzuia maji. Nikamwita kwa sauti mtaa mzima usikie. Nikamwambia fundi wake alikuwa mwizi, raba alienda kuziuza, na mtu kama huyo anafaa kunyang'anywa nyundo.

Alinijibu taratibu kwamba hakuna aliyeiba. Aliyepiga misumari hiyo ni marehemu mumewe, Muindi, Jumamosi moja akikimbilia kutazama mpira. Mvua ya kwanza ilipoingia, mzee alikaa kando ya beseni akamwambia mkewe kwamba amemharibia nyumba, na ni mkono wake mwenyewe, asitafutwe mwingine. Kisha mama huyo akaniuliza kama kazi naiweza ama nimekuja kuhukumu marehemu.

Niliziba matundu nikiwaza paa lako wewe, na wakati wa kushuka mguu wangu ulitafuta ngazi mahali ambapo ngazi haikuwepo. Nimevunjika paja. Safari yangu sasa ni kitandani hadi dirishani, kwa magongo, na daktari amesema mapaa nisahau mwaka huu wote. Kwa hivyo nilipomwambia Everlyn kwamba siwezi kuja kwa sababu ya kazi nyingi, nilidanganya. Na lile jumba la Westlands, nilipeleka lami hadi getini tu.

Sasa nafika pale ninapoogopa.

Unakumbuka tulivyomaliza nyumba yako wiki ya mazishi ya Baba, wageni wakiwa njiani. Oyoo, fundi wa hapo nyumbani, alianza upande wa sebuleni, polepole, kila msumari mgongoni na raba yake. Nikamwambia mbele ya watu kwamba Nairobi tunafunika ghorofa kwa muda anaotumia kufunika banda la kuku. Nikachukua upande wa chumba chako peke yangu, nikaumaliza kabla ya chakula cha mchana, mkanipigia makofi. Mvua ilipoanza kukuangukia kitandani, nikasema Oyoo aliiba raba. Mliniamini kwa sababu ninatoka Nairobi. Tangu hapo hakuna aliyempa paa tena, na nasikia siku hizi anaponda kokoto.

Mama, Oyoo hakuiba. Nilizisahau mimi. Nilizikuta kwenye mfuko wa koti nikiwa njiani kurudi huku, pakiti nzima, haijafunguliwa. Nimenyamaza miaka tisa. Kila ulipolalamika, nilikutumia beseni nyingine.

Pakiti hiyo imekuja na barua hii. Usikubali raba hizo zitumike, zimekauka, ukizikunja zinapasuka. Ziko hapo ili Oyoo azione. Jumapili baada ya ibada, mwite, na wawepo watu walewale. Everlyn asome barua yote, hata majigambo, kisha umpe Oyoo pakiti mkononi. Baadaye umwombe, kama moyo wake utakubali, akupandie kabla ya katikati ya Machi, ang'oe misumari yangu, abadilishe bati zilizotoboka na apige upya mgongoni. Akikataa, msimseme vibaya. Hamishia kitanda sebuleni ulale huko. Upande wake haujawahi kuvuja.

Nisalimie dada Philister na wote wa kanisani watakaokuwa bado wanapokea salamu zangu. Goti ulikande na maji ya moto.

Mimi mwanao,
Shem Omollo