Waliomtaja Neema Redioni

Hallunda, ughaibuni, Jumamosi usiku

Na bado wanauita mdahalo! Watangazaji wawili wa redio, Deo mhafidhina na Zawadi mliberali, walibishana ukumbini, moja kwa moja hewani, iwapo binti ambaye hajaolewa anaweza kuishi peke yake.

Deo alininyooshea kidole. "Mtazameni Mzee Yohana! Nyumbani kwake heshima bado ipo."

Zawadi akadakia, "Basi muulizeni binti yake Neema mbona alihamia Märsta, mji mwingine, kuishi peke yake!"

Ukumbi mzima ukacheka, hata mashemasi wa kanisa letu. Mambo ya nyumba yangu, hewani, na Neema hakikosi kipindi hicho.

Nilipotoka ukumbini niliwakuta watangazaji wote wawili kwenye korido wakila sambusa katika sahani moja. "Leo kimenoga, dada!" Deo alisema huku akicheka. Nje, watu walikuwa bado wanagombana kwa ajili yao. Nikaondoka bila kumuaga mtu.

Nilipofika nyumbani Neema akapiga simu, mara ya kwanza tangu ahame. Nilidhani atalia.

"Baba, na wewe ulicheka?"

"Sikucheka."

Akasema kesho atakuja kula, ila niizime redio kabla hajafika.