Kofia ya Dukani

Mtopanga, Jumapili, mwezi wa Juni

Upepo wa kusi unavuma tangu alfajiri na manyunyu hayakatiki. Ni hali nzuri kwa mtu asiyeweza kutoka nje. Nimekaa ukumbini na kikoi changu, kichwa wazi, na hata azani ya adhuhuri nimeisikia nikabaki papa hapa nikasali nyumbani.

Sina kofia. Mtu mzima wa rika langu kupita njiani kichwa wazi ni kuwapa watu maneno ya bure, na maneno juu yangu kwa wiki hii yametosha.

Mambo haya yote yameletwa na kustaafu. Miaka ile ya kazi bandarini nilivishwa. Tulipewa kaptura za khaki, mashati, soksi ndefu za kufika magotini na chepeo lenye beji. Nilivaa nilichopewa, nikavua, Mwanasha mke wangu akafua na kupiga pasi. Bei ya yadi ya kitambaa sikuijua, wala upana wa shingo yangu mwenyewe. Sasa katika kila baraza watu wanazungumza habari za uhuru. Mimi wangu niliupata mapema kidogo, siku nilipozivua zile soksi.

Nilidhani mstaafu hana haja na nguo. Kikoi cha kushinda nacho, kikoi cha kuogea, kanzu ya msikitini na makubadhi, basi. Na ni kweli, haja sina. Lakini mtu asiye na haja ya nguo ana wakati mwingi wa kuzinunua.

Kila asubuhi nikisha kunywa chai miguu yangu hushika njia ya darajani yenyewe, kama zamani. Nikifika mjini ndipo ninapokumbuka kwamba hakuna anayeningoja. Nitarudi nyumbani na kuonekana mjinga? Naingia dukani. Napapasa vitambaa, nauliza hiki chatoka wapi, naletewa kiti, naletewa kahawa. Ukisha kunywa kahawa ya mtu huwezi kutoka mikono mitupu. Ndivyo nilivyonunua tai, na shati la kuvalia tai sina. Ndivyo nilivyonunua fulana, na tena fulana, mpaka sasa ninazo za kuvisha timu nzima ya mpira na wa akiba. Mwanasha huzipokea, akazikunja, akazitia sandukuni bila neno. Neno alilitoa siku moja tu, nilipovaa kaptura ya kazini nimwagilie mchicha.

"Baba Saidi, magoti hayo wamuonyesha nani?"

Sijaivaa tena.

Sasa hii kofia. Zamani nilikuwa mtu wa chepeo kutwa nzima, kofia ilikuwa ya Ijumaa na Idi. Leo naenda msikitini kila sala, na kofia yangu ya viua, ile nyeupe yenye vitundu vya kudariziwa, ilikwisha kuwa ya manjano pembeni. Mwanasha ndiye aliyenishonea, kama alivyonishonea zote tangu tulipooana. Lakini siku hizi nimemwona akichambua mchele ameusogeza mpaka puani. Kushona kiua ni kazi ya macho. Nikasema, nisimtaabishe. Nitanunua.

Nilijiona mume mwema kwelikweli. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojiona.

Dukani nilivaa ya kwanza niliyopewa ikanikaa sawasawa. Vitundu vimepangika, uzi hauna fundo. Ijumaa nikaivaa na kanzu ya kupigwa pasi. Nilipopita bombani wanawake waliokuwa wakiteka maji walinyamaza wote kwa pamoja, kisha nyuma yangu mmoja akacheka. Nikanyoosha mgongo zaidi. Nilidhani nimependeza.

Baada ya sala Shee Mbwana, jirani yangu, akanivuta kando ya birika. Nilipostaafu yeye alikuwa Malindi kwa nduguze, tulikuwa hatujaonana.

"Nshasikia habari zako," akaniambia. "Mungu akutilie baraka. Ni jambo la kheri."

"Amin. Nimelingoja miaka mingi."

"Na mkeo yuwajua?"

"Yeye ndiye aliyefurahi zaidi. Asema sasa nitapata kupumzika."

Shee Mbwana akatikisa kichwa. "Wallahi, mwanamke yule ana moyo."

Mimi nazungumza habari za kustaafu. Yeye anazungumza habari za harusi.

Maana huku kwetu mkono wa mwanamke kwenye kofia hujulikana kama sauti yake. Kofia za dukani ni za wageni na wanaume wasio na mtu wa kuwashonea. Mwenye mke huvaa ya mkewe, na akionekana na ya mwanamke mwingine asiye nduguye, watu huanza kuulizana posa itapelekwa lini. Mimi nilikuwa nimetembea mtaa mzima na kofia iliyoshonwa na Bi Rehema, mjane anayekaa nyuma ya msikiti, ambaye huwauzia wenye maduka mjini. Kila mwanamke pale bombani aliujua mkono wake. Na Shee Mbwana amekwisha kutangaza, kwa nia njema kabisa, kwamba mwenyewe nimekiri na mke wangu ameridhia.

Jana baada ya alasiri tukasikia hodi. Alikuwa Athmani, mdogo wake Rehema, amevaa kanzu na koti juu, jasho linamtoka. Akanipa shikamoo, nikampa marahaba, akakaa kwenye ncha ya kiti. Akasema yeye ndiye walii wa dadake, na dadake hana habari yoyote, na watu wanampa hongera njiani. Kwa hivyo, kwa heshima zote, angependa kujua nia yangu.

Nia yangu. Mimi niliyekuwa sina nia hata ya kununua ile tai.

Pazia likafunguka, Mwanasha akatoka amejitanda leso yake. Alikuwa amesikia yote. Akanyoosha mkono, nikamvulia kofia nikampa. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole juu ya viua, kimoja baada ya kimoja.

"Mshono wa Rehema," akasema. "Mzuri. Athmani mwanangu, dada yako hana makosa. Huyu kaiokota dukani, kama aokotavyo fulana." Kisha akamvalisha Athmani ile kofia kwa mikono yake. "Vaa weye, ni mkono wa nduguyo. Kichwa hichi kina mwenyewe."

Athmani aliondoka akishukuru, na kofia yangu mpya ikimkaa vizuri kuliko ilivyonikaa mimi. Asubuhi hii kapita kuniletea jibu la dadake, ingawa sikuwa nimemuuliza kitu. Rehema alicheka mpaka akakaa chini. Kasema mume anayeshinda nyumbani kutwa hamtaki hata akiletewa bure.

Hilo lilinichoma kidogo, nakiri.

Lakini hilo si kitu. Jana, Athmani alipokwisha kwenda, Mwanasha alirudi kwenye mbuzi yake akaendelea kukuna nazi. Nilingoja ugomvi juu ya Rehema. Haukuja. Nikaanza kujieleza mwenyewe, kwamba niliona macho yake yamechoka, kwamba nilitaka kumpunguzia kazi. Akaendelea kukuna. Mwisho akasema bila kuniangalia:

"Rehema simuogopi. Ni nani alokwambia mato yangu yamekufa?"

Akachukua kifuu kingine.

"Kaptura alikupa Mzungu. Soksi alikupa Mzungu. Hata viatu. Miaka yote ile, nguo moja tu mwilini mwako ilikuwa yangu. Na hiyo nayo wenda kuinunua."

Niliona haya. Nimekaa na mwanamke huyu ujana wangu wote na sikujua kwamba kila Ijumaa alikuwa akiniangalia kichwani.

Leo asubuhi ametoa kitambaa cha melimeli sandukuni, chini kabisa, chini ya fulana zangu. Ile kofia kuukuu ameifumua apate kipimo, ndiyo maana sina ya kutokea. Amekaa dirishani. Kwanza sindano ilimkataa. Akaulamba uzi, akaukaza, akaulenga, ukapita pembeni. Nikamwambia nipe mimi. Na mimi ukanipita pembeni. Tulikaa pale wazee wawili tunawinda tundu la sindano kama watu waliopoteza punda, mpaka akaanza kucheka yeye, nikacheka mimi, na katika kucheka huko uzi ukaingia wenyewe.

Akaniambia nisiende mbali, kwa kuwa uzi huisha upesi. Kofia ya viua ni kazi ya miezi. Kumbe nimestaafu nikaajiriwa tena, na safari hii sina sare.

Mjini sitakwenda. Wenye maduka na wanywe kahawa yao wenyewe.

Sasa hivi amelala kidogo, na kazi ameiacha juu ya mto. Nimeiangalia safu ya kwanza. Vitundu vingine vikubwa, vingine vimebanana, na mstari wenyewe umeanza chini ukapanda mlima. Nimeirudisha pale pale, sitasema neno. Ikimalizika, inshallah, nitaivaa Ijumaa, na nitapita pale bombani polepole, wanawake wapate kuiona vizuri. Hakuna hata mmoja atakayeuliza ni mkono wa nani.