Mgahawa Uko Wazi Kutwa

Tarehe 6 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na bado unapanda ngazi za dukani bila kumsumbua mtu. Mimi mzima, ila mafua kidogo.

Nimehama gazeti. Sasa niko kwenye jarida la wachezaji wa kasino. Ndiyo, kasino, usikunje uso. Nimepewa ukurasa mzima. Juu naweka habari za biashara yenyewe: nani kauza, nani kanunua, wapi wameongeza meza za ruleti. Chini ni ushauri kwa wachezaji wa mara kwa mara wanaosafiri: basi gani, chumba gani, kitambulisho gani, wapi mashine ni za zamani na wapi chai ni ya bure. Mshahara unafika tarehe yake, jambo ambalo kule gazetini nilishalisahau.

Nakutumia toleo la kwanza. Usipotaka kulisoma, funikia meza ya kazi.

Mwanao


Tarehe 21 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma, lakini kwa adabu. Dukani kuna saa tatu za ukutani zinazonisubiri na moja ambayo mwenyewe kaisahau tangu mwaka juzi. Mafua yatibu, usiyabembeleze.

Jarida nimelisoma lote hadi matangazo. Umeandika kwamba mchezaji asiondoke kabla ya kubadilisha chipsi zake. Nikawa najiuliza nani hubadilisha viazi, mpaka Sista akanieleza kuwa ni vile vidude vya plastiki vya kuchezea. Sista ni yule muuguzi mstaafu aliyehamia nyumba ya pili. Kumbe jirani ni mchezaji! Mara moja kwa mwezi, mashine tu, na kiasi kilekile. Kikiisha, anachukua mkoba wake anarudi. Ananiambia humo ndani hakuna saa hata moja ukutani. Kwa fundi saa, hayo ni matusi.

Jarida kalichukua na sidhani kama litarudi. Anasema unaandika kama mtu anayemfikiria mzee anayesafiri peke yake. Nilivimba kichwa, siwezi kuficha.

Kazi ni kazi. Mama yako, Mungu amrehemu, angekuwa na mengi ya kusema. Mimi sina.

Baba yako


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Huku salama.

Jumamosi nilimsindikiza Sista kwenye ile kasino ya karibu na kituo cha treni, ya pili katika orodha yako. Nilikaa kwenye kiti kirefu kama kuku juu ya paa. Mazulia mazito, baridi ya mashine, watu wazima wamenyamaza kama wanafanya mtihani. Sista alicheza saa mbili na nusu. Nilizihesabu kwa saa yangu ya mkononi, na mlinzi alinitazama sana. Tulirudi tukicheka tusijue tunacheka nini.

Marekebisho madogo: chai si ya bure. Si neno, tulilipa. Nilimuuliza mgawa karata kama anamkumbuka binti yangu mwandishi. Akasema wageni ni wengi, hawezi kumkumbuka kila mtu. Ulikaa upande gani ulipokwenda?

Baba yako


Tarehe 17 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia umetoka nje ya duka, hata kama ni kwenda huko. Mimi sijambo, kazi nyingi.

Ya chai nitaiangalia, labda wamebadilisha utaratibu. Ukurasa unasomwa. Mhariri anasema barua za wasomaji zimeongezeka maradufu, na mpaka sasa nimeshaandika kuhusu kasino kumi na nne. Toleo hili kuna ile ya kule milimani. Mwambie Sista itamfaa: hewa safi, mashine zisizo na fujo, basi la asubuhi linashusha mlangoni, na mgahawa wa ndani uko wazi kutwa, kwa hiyo hakuna haja ya kubeba chakula.

Nisalimie jirani.

Mwanao


Tarehe 20 Mei

Baba,

Shikamoo. Vipi hali? Sijapata barua mwezi mzima, na wewe si mtu wa kuchelewa. Au Sista amekufundisha kucheza? Natania.

Hapa kwema. Niandikie hata mistari miwili.

Mwanao


Tarehe 9 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimepiga simu ya dukani mara sita, inaita tu. Nikampigia fundi viatu wa jirani yako, akasema upo na unatembea, ila unafunga duka mapema. Akaongeza, “Muulize mwenyewe, mama, mimi simo.”

Basi nakuuliza. Kuna nini?

Mwanao


Tarehe 2 Julai

Mwanangu,

Nimepata barua zako zote. Mimi ni mzima.

Tulikwenda milimani tarehe 3 Mei. Sista ana kisukari, sidhani kama niliwahi kukuambia. Hujidunga sindano kabla ya kula. Siku zote hubeba mkate na ndizi kwenye mkoba. Siku hiyo alivitoa akaviacha mezani. Akaniambia, “Mwanao kaandika mgahawa uko wazi kutwa, nibebe mzigo wa nini?” Basi lilipobakiza dakika kumi kufika, akajidunga.

Basi likatushusha likaondoka. Lango lilikuwa na mnyororo. Mlinzi alituambia pamefungwa tangu mwaka jana, jengo limeuzwa. Maduka yako kilomita saba chini. Saa sita mchana, jua kali, na basi la kurudi ni saa kumi. Sista akasema tutembee polepole. Hatukufika mbali. Alianza kutoka jasho, akawa ananijibu maneno yasiyohusiana na swali, kisha akaanguka na kuuangukia mkono wa kulia. Nilikimbia kurudi langoni na hili goti langu. Mlinzi alikuwa na chai kwenye chupa, akaijaza sukari yote aliyokuwa nayo. Nikawa namnywesha kwa kifuniko. Nusu ilimwagika kifuani kwake. Lori la mchanga ndilo lililotushusha hospitali.

Alilazwa siku tano. Kifundo cha mkono kimevunjika sehemu mbili. Nafunga duka mapema kwenda kumpikia, kwa sababu hana mtu.

Sikukuandikia kwa sababu kila nilipoanza, iliandikika barua ambayo nisingependa kuisoma baadaye. Sasa nataka kujua jambo moja tu. Ulifika kule?

Baba


Tarehe 10 Julai

Baba,

Shikamoo.

Sikufika. Sijafika popote. Sijawahi kuingia kasino hata moja kati ya hizo kumi na nne. Ninaandika nikiwa mezani kwangu, ghorofa ya pili, dirisha linatazama ukuta. Nina vipeperushi vya hoteli na simu. Cha milimani kilikuwa cha miaka miwili nyuma. Nilipiga mara tatu hakuna aliyepokea, na ukurasa ulitakiwa saa kumi. Nikanakili kilichoandikwa. Hilo la kutobeba chakula halikuwemo hata kwenye kipeperushi. Nililiongeza mwenyewe kwa sababu mstari ulikuwa mfupi.

Kuna na hili, nakuambia kwa kuwa hakuna mwingine anayelijua. Habari ya kuuzwa kwa jengo lile ilikuwa mezani kwangu wiki hiyohiyo, kwenye furushi la habari za biashara. Niliisoma. Haikutaja jina la kasino, ilitaja jina la kampuni, na sikujisumbua kuulizia. Nikaiondoa, nafasi ya juu ilikuwa imejaa.

Sijui nimwambie nini Sista.

Mwanao


Tarehe 19 Julai

Mwanangu,

Nimesoma. Nilidhani hivyo tangu ile siku ya mgawa karata, nikajifanya sijadhani. Hapo na mimi nina sehemu yangu, maana ningekuuliza mara ya pili, ungenijibu.

La kumwambia Sista litafute mwenyewe. Mimi si tarishi wa hilo.

Dawa ya goti nimebadilishiwa.

Baba


Tarehe 25 Agosti

Baba,

Shikamoo. Natumaini dawa mpya inakufaa.

Nilikwenda milimani, kwa basi lilelile. Mlinzi bado yupo. Nilipojitambulisha akasema, “Yule mzee alikuwa anakimbia huku anaita kwa sauti. Sikujua kama anamwita Mungu au mkewe.” Akanionyesha mahali. Ni ukingo wa barabara tu, kokoto na nyasi. Akanifungulia na ndani. Mazulia yamekunjwa, mashine zimefunikwa nailoni, na mgahawani viti vimepangwa juu ya meza. Niliandika kila kitu, hata idadi ya viti.

Nikampelekea mhariri ukurasa mzima unaosema nilichofanya na kilichompata msomaji. Akausoma mbele yangu. Akasema, “Masahihisho ni mistari mitatu, nyuma, chini ya fumbo la maneno.” Nikamwambia hapana. Akasema, “Basi hata hiyo mitatu huipati.” Tulibishana siku nne. Mwishowe ulitoka nusu ukurasa, na jina langu chini. Wenye hoteli wawili wameondoa matangazo yao, na mhariri hanisalimii.

Sijaacha kazi. Nilifikiri kuacha, nikaona nitakuwa nakimbia huku nimewaachia wasomaji zile orodha kumi na nne. Siku zangu za mapumziko nazizungukia kasino hizo moja moja, kwa nauli yangu. Nimefika sita. Nne nilikosea.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Sista. Sijaifunga, ukitaka isome.

Mwanao


Tarehe 4 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Dawa inafaa, ila inaniletea usingizi, juzi nimeamka kichwa kiko juu ya saa ya mteja.

Barua ya Sista sikuisoma. Aliisoma amesimama dirishani, kisha akaomba miwani akaisoma tena amekaa. Plasta imetolewa lakini vidole viwili havikunji sawasawa. Alivitazama, akaikunja barua kwa mkono wa kushoto, akaiweka kwenye kabati pamoja na vyeti vyake vya uuguzi. Nilimuuliza kama atajibu. Akasema barua zimemtosha, sasa anataka uso.

Amesema hataki pole zaidi wala zawadi, kwa hiyo usibebe kitu. Njoo Jumamosi ya tarehe kumi na tatu, kabla ya chakula cha mchana. Usipitie kwangu kwanza, hutanikuta. Nitakuwa jikoni kwake, na sitatoka mpaka aniite. Ukigonga, atafungua yeye. Itachukua muda, kitasa kinamsumbua. Usikisukume kutoka nje. Msubiri mpaka afungue.

Baba