Pale Mkono Usipofika

Jumatano, 4 Juni
Bosi wa pale kwa dobi ninapofanya kazi kaniita pembeni. Eti mteja kaniona najikuna huku napiga pasi shati lake, kauliza kama nina upele. Nikiendelea hivi nikae nyumbani mpaka nipone. Nyumbani! Kule hata pasi ya kuongea nayo sina.

Nimepita dukani nikabeba kila kitu — sabuni ya dawa, krimu ya kusugulia, losheni ya waridi, mafuta ya kopo la bluu. Nimejipaka vyote leo hii hii. Ngozi ikikataa na hivi, basi ina lake jambo.

Alhamisi, 5 Juni
Imekataa. Nawaka mwili mzima.

Jumamosi, 7 Juni
Kwa mfamasia. Binti mdogo, maneno ya kikubwa. Kacheka kidogo, si kwa ubaya: mama, umeipeleka ngozi vitani. Vyenye harufu vyote nitupe. Maji ya uvuguvugu, sabuni moja isiyonukia, nisijisugue. Nijikaushe kwa kugusagusa tu, kisha mafuta mazito, ngozi ikiwa bado na majimaji. Kitu kipya niongeze kimoja kimoja, tena baada ya wiki, ili tumjue mkorofi ni nani.

Akauliza kama nyumbani yupo wa kunipaka mgongoni. Nikasema yupo. Sijui kwa nini nimesema yupo.

Alhamisi, 12 Juni
Mikono imeanza kutulia. Miguu pia, inang'aa kama ya bibi harusi. Mgongo ndio mbishi — pale katikati, mkono haufiki kwa juu wala kwa chini. Nimefunga kitambaa kwenye mwiko, nikachovya mafuta. Kitambaa kikachomoka, kikabaki kimenata hukohuko. Nimecheka peke yangu, halafu nikalia.

Marehemu mume wangu alikuwa ananipaka pale bila kuombwa, huku akilalamikia mambo ya kazini kwake. Nilikuwa namwambia apunguze maneno. Leo ningeyasikiliza yote.

Jumanne, 17 Juni
Bosi kaona doa la damu mgongoni mwa blauzi yangu. Hakufoka, afadhali angefoka. Kasema ananipa mpaka Jumatatu; akiliona tena, kazi basi.

Jioni nimepishana na Mama Redio kwenye ngazi. Jirani yangu, tunatenganishwa na ukuta tu. Hatusalimiani tangu wiki ya msiba, nilipompigia ukuta kwa ufagio apunguze redio yake. Aliizima, na hajaiwasha tena mpaka leo. Naumia na ukimya huu kuliko nilivyowahi kuumia na kelele zake.

Jumapili, 22 Juni
Kesho ndiyo Jumatatu. Nimeoga. Sikujipa muda wa kuona haya: taulo kifuani, kopo mkononi, nikagonga kwa Mama Redio. Kafungua. Yote niliyopanga kusema yamenitoka kichwani, nikamgeuzia mgongo tu.

Kautazama. Kisha kasema, mwenzangu, unaumia hivi na mimi nipo hapa? Rudi ndani, usisimame koridoni na taulo. Kasema anawe mikono kwanza, anakuja.

Nimeacha mlango wazi. Nimekaa kitandani, naandika ili nisiinuke nikaufunga. Maji ya bomba lake yanasikika ukutani. Mgongo umeanza kukauka, sijali. Ananawa mikono kwa ajili yangu.

Bomba limefungwa. Ndala zake hizo, zinakuja —