Irudio au Isorudi

Alhamisi, 6 Februari 2025

Mazoezi ya filamu ya shule. Mimi ndiye inspekta — kwa sababu inspekta hasemi sana. Nilifyatua bastola ya ubao, nikarusha mkono kujifanya imenishtua. Mwenzetu Huwaida akasema nafukuza nzi kwenye halua. Wote wakacheka. Nami nikacheka. Nilitaka kulia.

Ijumaa, 7 Februari

Muhdhar, mtoto wa mjomba, anakuja likizo kutoka Maskati. Atatuletea bastola bandia ya gesi. Mwalimu keshapata ruhusa ya polisi. Muhdhar kasema ziko aina mbili. Ya kwanza ni blowback: kila ukifyatua, sehemu ya juu inarudi nyuma kwa nguvu na mkono unashtuka kweli. Lakini inakula gesi. Ya pili imetulia tu, hairudi, gesi inakaa.

Shifaa, mshika kamera wetu, anataka ya pili. Gesi ikiisha, hapa Lamu tutajaza wapi? Kweli. Lakini mkono ni wangu. Nikipata inayorudi sitaigiza kushtuka, nitashtuka. Shifaa mwishoni kakubali, ila nimwambie Muhdhar mwenyewe. Mimi! Hata salamu sijawahi kumtumia.

Jumamosi, 8 Februari

Ujumbe wa sauti wa Muhdhar, kwa Kiamu chake, kwenye simu ya mama: Asmaa, wataka irudio au isorudi? Kesho naenda dukani. Yaani inayorudi au isiyorudi.

Kabla sijafungua mdomo mama kashabonyeza. "Muhdhar mwanangu, isorudi. Vitu vya kuazimwa na kurudisha hatutaki. Ukimpa mtoto, mpe moja kwa moja."

Akanitazama kwa fahari. Nikasema ahsante. Ahsante ya nini, Asmaa?

Jumapili, 9 Februari

Muhdhar yuko dukani. Kaandika: Shangazi kasema isorudi, naichukua.

Nikaenda jikoni. Mama anakuna nazi. Nikamweleza yote, macho sakafuni. Mbuzi ikanyamaza.

"Kumbe mtoto wa kaka yangu nimemfanya bahili?"

Nikasema hajui, mama, hajaelewa. Nikamwomba yeye mwenyewe amwambie Muhdhar. Akafuta mikono kwenye leso, akanisukumia simu. "Sema wewe. Mimi naona haya."

Mama! Anaona haya!

Niko chumbani. Nimerekodi, nikafuta. Nikarekodi tena — salamu ndefu, bastola hata sijaitaja — nikafuta. Muhdhar kaandika kwamba zamu yake ya kulipa imekaribia. Nyuma ya pazia naona miguu ya mama.

Nimerekodi tena: Muhdhar, nataka irudio. Hii siifuti.