Marufuku ya Tonge Katika Chumba cha Wauguzi

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, ingawa nimezoea kuombwa ushauri kuliko kuuomba, kwa kuwa nina shahada ya uuguzi, nimesoma vitabu kuliko yeyote katika wodi yetu hapa Dessie, na ndimi niliyekabidhiwa kuwafundisha wenzangu usalama kazini, yaani namna ya kunawa, kutupa sindano na kujilinda pale zamu ndefu inapokwisha kuulegeza mwili.

Mchumba wangu, Hirut, ni muuguzi wa wodi hiyohiyo, na yupo pia Wondimu, kijana mcheshi asiyesoma hata gazeti, ambaye siku moja aliingia chumba cha mapumziko akiwa hoi kwa uchovu, Hirut akakata injera, ule mkate wetu mwembamba, akaichovya kwenye shiro, mchuzi mzito wa dengu, akamtia tonge mdomoni kwa desturi yetu ya kulishana, likafuata la pili, kisha la tatu, nawe unajua sisi husema tonge la tatu ndilo liletalo mapenzi, nami nimesimama mlangoni, mimi ambaye wiki ile nzima hakunilisha hata moja.

Kesho yake nikatangaza darasani kwamba kulishana kwa mkono ni marufuku, kwa sababu vidole hubeba vijidudu, na atakayekiuka nitamfikisha kwa matroni. Hoja ambayo kisayansi haipingiki.

"Bwana mkubwa," akasema Wondimu, "basi tuletee uma, au utulishe wewe mwenyewe!"

Darasa likaangua kicheko. Hirut hakucheka. "Natnael," akaniuliza mbele ya wote, "hapa unafundisha au unanichunga?"

Tangu hapo wananikwepa. Leo asubuhi, nikipita nje ya stoo ya dawa, nimemsikia Hirut akimweleza Wondimu kwamba mwishoni mwa zamu, macho yakijifumba, alijaribu kurudisha kifuniko kwenye sindano iliyotumika, ikamchoma kidole.

"Karipoti, dada, hilo si la kuchezea."

"Kwa nani? Kwa Natnael? Atanifanya mfano darasani. Niapie hutamwambia."

Naye akaapa! Siri hiyo imeniuma kuliko matonge yote, maana ilikuwa yangu kikazi na kimapenzi. Je, niwashtaki wote wawili kwa kuficha ajali, kama kanuni itakavyo, au niwatume tena wale wazee walionipelekea posa, wakaivunje?

JIBU

Natnael (majina nimeyabadilisha), nilikupigia simu mara tu nilipoisoma barua yako, maana dawa ya kumkinga aliyechomwa sindano dhidi ya virusi haingoji gazeti. Ukanijibu, tena kwa kununa, kwamba Wondimu amekwisha kumpeleka akaianza. Ulinuna, mwanangu! Habari njema kuliko zote, nawe ukanuna.

Naelewa wivu. Kuona mkono wa umpendaye ukielekea kinywa kingine si jambo dogo. Lakini ungemwambia Hirut faraghani kwamba umeumia, ungepata jibu lako. Wewe uliuvika wivu koti jeupe, ukaupandisha mbele ya darasa. Wala usiniletee habari za vijidudu: kama hofu ilikuwa vidole, ungewaambia wanawe mikono kwa sabuni, yakaisha. Matokeo yake, muuguzi aliyechomwa sindano alimwogopa mwalimu wa usalama kuliko ugonjwa. Na ulipomsikia, hukugonga mlango. Ulikwenda kutafuta kalamu.

Usimshtaki mtu. Nenda kwa matroni, umwombe ajali za sindano ziripotiwe kwa mtu mwingine badala yako, na anayeripoti asiaibishwe. Umwambie pia kwamba mtu aliyesimama tangu alfajiri hahitaji somo, anahitaji kupokewa. Kisha ondoa marufuku yako mbele ya darasa lilelile, na useme waziwazi kwa nini uliiweka, watakucheka, vumilia.

Wazee waache wapumzike. Kama posa ingalipo, atasema Hirut. Ana vipimo vya kurudia. Akikubali umsindikize, msindikize kimya, na akimtaka Wondimu, mwachie nafasi. Kazi yenu ni ya hatari, na mwanamke huyo anahitaji mtu wa kumkimbilia, si wa kumkimbia.