Sauti Ambayo Sijaifungua

Fundi mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Anua nguo mvua isizikute. ~~Ile sauti ya baba yako ifute tu.~~ Usiifute.

Nilibamiza mlango asubuhi, lakini sijanuna. Hifadhi ya mtandaoni tunailipia kila mwezi, na mpango wako nimeuelewa: picha mpya zikae karibu, za zamani ziende kwenye ghala la bei nafuu, na kisichofunguliwa miaka mitatu kifutwe. Zile picha arobaini za paka wa jirani futa hata leo.

Ila ulisema, "Mama, hii hujaifungua tangu baba afariki, huihitaji." Mwanangu, ni ile aliyojirekodi akikubembeleza ulale, akasinzia yeye kwanza. Mwishoni unasikika wewe ukimwambia, "Baba, amka, hujamaliza." Sijaifungua kwa sababu najua nami nitamwambia hivyohivyo.

Ipeleke kwenye ghala la nafuu. Umesema kuitoa huko kunachukua nusu siku. Vizuri. Siku nikiiomba, hiyo nusu siku nitakuwa najikaza.

Ufunguo uko kwa jirani.

Mama yako